Pikipiki ya Msoma Mita

Mama yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia rasmi kwamba skrubu imepatikana. Ile ndogo yenye kichwa bapa, iliyofanya nyumba nzima ipekuliwe, mkweo anuniwe na paka ashukiwe. Ilikuwa ndani ya kiatu changu. Nimekwenda nayo kazini wiki nzima nikidhani ni uzee, umeamua kuanzia miguuni.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo mama. Goti lililokupeleka huko kwa dada linaendeleaje? Dada anasema sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, tena unamkosoa anavyofua, nikajua umepona. Sisi huku wazima. Mkweo anakusalimu sana na anasema amekukumbuka, hasa anapobaki peke yake kubishana nami. Jirani naye yupo, na kuku wake wasiotaga.

Lakini dada ameniambia na jambo jingine, ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza. Anasema umeacha kuuliza nitakuja lini kukuchukua. Mara ya kwanza nilisema rangi ya ukuta haijakauka, ukangoja. Nikasema bomba limepasuka, ukanipa pole. Niliporudi tena kwenye rangi, ulimwambia dada kwamba labda mwanao ameshazoea nyumba bila wewe, asinilaumu, ila aanze kukutafutia kabati la nguo huko huko. Mama, hilo kabati limeninyima usingizi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla halijanunuliwa.

Habari yenyewe ni pikipiki yako. Ile uliyozungukia mitaa ukisoma mita za maji mpaka ulipostaafu, watu wakaiita Kikohozi kwa kuwa waliisikia kabla hawajakuona, na wenye mabomba ya wizi wakapata nafasi ya kuyafukia. Uliniagiza niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kuitikia niliitikia. Kisha nikaitoa stoo, nikaipangusa vumbi, nikaona alama ya kiatu chako imelika kwenye pedeli ya gia, nikashindwa.

Mafundi wa hapa walinicheka. Waliniambia injini ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli wameisikia kwa babu zao, nikawaulize wao. Ndipo nikaelekezwa kwa wapenzi wa pikipiki za zamani, wanaokutana Jumamosi nyuma ya karakana ya seremala. Ni watu watatu na makelele ya watu thelathini. Kuna Kinyozi, kuna Mwalimu mstaafu wa jiografia, na kuna mama mmoja fundi cherehani wanayemwita Moshi. Kila mmoja ana pikipiki ya rika lako na ushauri kuzidi pikipiki. Kinyozi anataka oili iwe nyingi mpaka majirani wafunge madirisha. Mwalimu anataka ipimwe kwa bomba la sindano. Moshi anamimina kwa jicho, ukimuuliza kiasi gani anakuuliza kama na chumvi huwa unaipima. Kwa sababu ya oili hiyo waliwahi kununiana msimu mzima, wakawa wanapitishiana spana bila kusalimiana.

Tangi lilikuwa limejaa kutu. Kinyozi akaniambia nitie kokoto na maji ya sabuni, nitikise mpaka mikono ife ganzi. Nikatikisa. Mkweo akatoka jikoni kuniuliza kama nimejiunga na bendi, na kama ndiyo, tunalipwa kiasi gani.

Mwalimu ndiye aliyetoa amri kubwa. Alisema injini ikifunguliwa, kila kipande kilazwe juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio ule ule kilivyotoka, na asiguse mtu wala visihamishwe mpaka siku ya kufunga. Ukihamisha umekwisha, alisema, utafunga cherehani. Moshi akamjibu cherehani isidharauliwe, ndiyo inayomvalisha suruali.

Jumamosi iliyopita tukakusanyika uani. Nikapiga kiki taratibu, kwa adabu, injini ikashika! Moshi wa buluu ukapanda, Kinyozi akajifuta machozi akisingizia huo moshi. Nikavaa kofia yako inayobana masikio, nikapanda, nikawapungia mkono kama mgombea ubunge, nikatia gia ya kwanza na kuachia klachi. Mama, pikipiki ikaenda kinyumenyume. Nilipita mbele ya mke wangu nikiwa bado napunga, nikaingia kwenye uzio wa kuku wa jirani kwa mgongo.

Mwalimu alieleza kwa utulivu kwamba injini za aina hii, cheche ikiwahi na kiki ikiwa dhaifu, huweza kuzunguka upande wa pili bila aibu yoyote. Akaongeza kwamba aliona mapema nimekosea kufunga platini, kile kidude kinachoamua cheche iruke lini, lakini alinyamaza kwa kuwa jambo hilo amelisoma tu na alitaka alione kwa macho. Moshi aliniambia napiga kiki kama mtu anayemwamsha mama mkwe. Jirani alinitolea kuku mabegani, akauliza kama zipo zinazokwenda mbele.

Tukarekebisha platini, nikapiga kiki kwa hasira, ikaenda mbele. Mkweo ndiye aliyeuliza: mama mwenyewe ataiwasha kwa goti lipi? Tulikuwa watu wazima wanne. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Basi nimeamua, mama: nitakuwa nakuwashia mimi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nakukabidhi ikinguruma, ukazunguke utakako. Ukiizima njiani, piga simu.

Sasa niseme. Rangi ya ukuta ilikauka siku ile ile. Bomba halijawahi kupasuka. Stoo inavuja, uani kuna mvua, sebuleni mkweo alisimama mlangoni na mwiko, na mahali pekee penye dirisha kubwa, kufuli na nafasi ya kulaza vipande vyote bila kuvihamisha palikuwa ni chumbani kwako, juu ya kitanda chako. Pistoni ililala kwenye mto wako, na ile skrubu ilidondoka kutoka hapo. Sikukuzuia kurudi kwa sababu nimekuzoea ukiwa mbali. Nilikuzuia kwa sababu usingekuwa na pa kulala, na ningekueleza ungeniambia nikatupe, na ningetii. Kila Jumamosi waliponiuliza ni ya nani, nilisema ni ya mama, anarudi.

Mwambie dada asinunue kabati. La kwako lipo, na nguo zako zimo zote, zinanuka petroli kidogo. Nitakuja Ijumaa. Wote watatu wameomba kuwepo ukifika, na Mwalimu ana maswali kuhusu oili ambayo anasema ni wewe tu utakayeyamaliza. Usiwaunge mkono wote.

Nisalimie dada, shemeji na watoto. Nakutakia goti jema.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako.

Nilitaka kusahau: godoro lako tumelitupa.