Mbegu Zilizopita Chunguni

Kwako Tata, baba yangu, uliyezikwa Kibeta,

Kuna jambo hukuambiwa, na mimi ndiye niliyelinyamazia. Kanisani wanasema marehemu hasemwi vibaya. Basi nitakusema ulivyokuwa tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukianika kahawa mkekani, ukinisimulia ilikotoka? Zamani kahawa ilikuwa ya mkama, mfalme wetu, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuipanda. Alipewa ya kutafuna, nayo ilichemshwa kwanza ili isiote kwake. Babu yako aliyekuwa akilima kibanja, shamba la migomba na kahawa, cha mkama akatoka na tunda moja bichi shavuni. Ulicheka kila ulipofika hapo. Nami nilikupenda sana ukicheka.

Ilikuwa kahawa hodari. Majani mapana, matawi yaliyolala mpaka chini, haikuogopa jua wala wadudu. Ukiikata inachipua. Siku nilipoolewa Muleba ulinipa kikapu kizima cha mbegu zake mbele ya wakwe, na wanawake wakapiga vigelegele.

Nilizipanda zote, Tata. Nilizijengea kivuli cha majani ya migomba, nikamwagilia asubuhi na jioni, miezi mitatu. Haikuota hata moja. Mama mkwe akasema nina mkono wa majivu, akanikataza kupanda hata maharage kwenye kibanja chake. Mwaka ule sikushika mimba, na hilo nalo wakaliweka kwenye mkono wangu. Nilikuwa nikiutazama mkono huu nikiuchukia.

Mama ndiye aliyenifungulia siri, nilipokuja kuwasalimu.

"Mawe," nilimwita mama kwa lugha ya kwetu, "mimi sioteshi kitu."

Akaangalia mlangoni kwanza. "Mwanangu, usijilaumu. Tata yako alizitia chunguni. Nilimuuliza kwa nini, akasema binti ni wa watu, hawezi kupanda kahawa ya ukoo kwa watu."

Hukutia hata yale majani ya harufu tunayochemshia kahawa ya kutafuna, nisije nikanusa nikajua.

Siku ileile nilikwenda kupalilia kahawa zako. Wewe ulilinda matunda. Chini ya mti hukuwahi kuinama. Mimi niliinama. Tawi moja lilikuwa limelala udongoni likatoa mizizi. Nikalikata, nikalifunga kwenye jani la mgomba, nikaondoka nalo. Miti yangu yote ya Muleba ni watoto wa tawi lile. Mama mkwe alikula maneno yake polepole, na sikumsaidia kuyameza.

Kisha bwana shamba Mwingereza akaja na miche ya arabika, akakusifia bei yake. Uling'oa kahawa ya babu yako kwa jembe lako mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Misimu michache tu, majani yakashika kutu ya rangi ya chungwa, yakapukutika. Ukabaki na vijiti.

Ndipo ukapanda lori ukaja kwangu, mara ya kwanza tangu niolewe. Nilikukaribisha na kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote. Ukaitazama miti yangu kwa muda mrefu.

"Hii ni ya kwetu," ukasema.

"Ni ya kwetu, Tata."

Ulitaka kuuliza ilivyoota. Lakini kuuliza ni kukiri, kwa hiyo ukaomba mbegu tu. Nikakwambia upumzike mpaka kesho. Asubuhi nikakupa kikapu kimejaa, ukaniwekea mkono kichwani ukanibariki.

Nilisikia unamwagilia kila siku, umeweka kivuli, humruhusu kuku kusogea. Mimi nilikuwa najua. Miezi yote ile nilikuwa najua, nikalala vizuri.

Siku ya kukuzika, kaka alinipeleka kwenye kitalu chako. "Alikuwa anakaa hapa tu," akasema. "Alisema mkono wake umekauka, ndiyo maana Mungu anamwita." Nilichimbua mbegu moja kwa kidole. Ilikuwa nzima, ngumu, kama nilivyoitoa chunguni. Nikaifukia tena.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, Tata. Natafuta majuto na siyapati, na hilo linanitisha kuliko ulilonifanyia. Lakini mimi nilipouchukia mkono wangu, mama aliniambia ukweli. Wewe hukuwa na wa kukuambia, ila mimi.

Mkono wako haukuwa na kosa.

Ni mimi, binti yako, wa watu.