Dada Anachonga Magego kwa Sabuni ya Kufulia

Mshauri, shikamoo, nisaidie kabla nyumba yetu haijawa kichekesho cha mji mzima wa Mpemba. Mimi ni bodaboda, shule niliishia darasa la saba lakini kichwa kinachemka, niulize bei ya kwacha ya Zambia hapa mpakani nitakujibu usingizini, na sidanganyiki ovyo, ndiyo maana nasema kwa dada yangu Atupele kuna jambo. Anasomea udaktari wa meno, fahari ya ukoo, sasa karudi katikati ya muhula na begi moja, eti "nimepumzishwa", nani anapumzishwa wenzake wakisoma? Nikadhani mimba, mama akachunguza, hakuna. Chakula hagusi, anajifungia mchana kutwa, nikachungulia dirishani nikamkuta anachonga mche wa sabuni, anatoa gego kamili, akimaliza analiponda anaanza upya, na chini ya kitanda ana kopo la meno ya watu, mshauri, ya watu kweli, na huku kwetu ukikutwa na vitu hivyo unajua watasemaje. Juzi kanifuata kijiweni, "Brayan, panua mdomo nione lile gego lako bovu," nami nikamjibu, "Ili nalo liingie kwenye kopo?" Washikaji walicheka mpaka mmoja akadondosha helmeti. Akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, hata nikilala nisiamke hakuna kitakachoharibika," akaondoka. Si maigizo hayo? Mama anataka kopo litupwe chooni, dada apelekwe kwenye maombi kule Chapwa. Nimbane aseme alichofanya, au niende mwenyewe chuoni kupeleleza?

B., Mpemba

B., umepeleleza tumbo la dada yako, dirisha lake na uvungu wake. Maneno yake ya mwisho ukayapita kama tuta la barabarani. Mimi nimekwama hapo hapo.

Uchawi hakuna. Wanafunzi wa meno hujifunza umbo la jino kwa kuchonga nta au sabuni, na kwa meno yaliyong'olewa hujifunza kuziba matundu. Vyuo vingine humtaka mwanafunzi ajitafutie wagonjwa. Akikosa wa kumpanulia mdomo, anafeli. Wangapi walimkataa kabla yako sijui. Wewe ulimkataa hadharani. Na mtu anayeponda kazi yake kila akiimaliza haigizi, kijana, ameelemewa.

Washa pikipiki urudi nyumbani sasa hivi. Muulize wazi: "Dada, unawaza kufa?" Usiogope, swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Akikubali, au akinyamaza tu, asiachwe peke yake hata kidogo. Mpelekeni hospitali leo, na daktari aambiwe maneno yale yale, usiyapunguze. Maombi yaendelee, ila yasicheleweshe hospitali. Chuoni pigeni simu kwa mlezi wa wanafunzi, mumwombee nafasi yake isipotee.

Kopo mama aliache. Wewe ndiye uliyelitangaza kijiweni, basi rudi ukawaambie washikaji ni vifaa vya darasani, kabla mdomo wa mji haujafika kwenu.

Siku atakayopata nguvu, kaa kwenye kigoda penye mwanga, washikaji wasiwepo. Mwambie gego linauma. Najua linauma, mwenye meno mazima hapigi kelele hivyo. Panua mdomo, unyamaze.