Mkaa kwenye tangi jipya

Jumanne, jioni

Bia yote ya tangi jipya imemwagwa. Ilinuka moshi. Mimi ndiye msimamizi wa ubora, na leo nimesimamia mtaro.

Nilikuwa nimekagua vali, mipira ya maji, hata kucha za watu. Kumbe Mama Jerono, anayetuoshea vyombo tangu tukiwa na mapipa mawili, aliona tangi linameta akalihurumia. Akalisugua ndani kwa mkaa, vile anavyosugua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwake Sugoi.

"Chombo kipya bila mkaa kinaharibu maziwa," akaniambia.

"Lakini Mama, hii ni bia."

"Na hiyo bia haiendi kwa tumbo la mtu?"

Nikaenda kuchukua fomu ya ripoti.

Kesho asubuhi mkubwa anataka jina la aliyekosea. Akilisikia la Mama, atamfukuza. Nimeandika langu. Si uongo pia: tangu tuongeze matangi, mafunzo yote niliyompa ni brashi na "osha vizuri, Mama."

Akaosha vizuri.

Tukifunga alinipa mursik kwa chupa, kuniomba msamaha. Ina moshi uleule. Nimeimaliza yote.