Neno Alilolikata Kaka Yako

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya mitungi ya hewa.
Jumatatu, siku ambayo kituo hakifunguliwi.

Mpendwa shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichotuandikia kimekuachia. Huko uliko kuna baridi, basi vaa lile sweta hata kama wenzako wanalicheka. Mama yenu alilifuma huku macho yanamuuma. Sisi hatujambo, yaani tunapumua. Mwanao, huyu wa kaka yako, anaota magego na ameamua mimi ndiye kijiti cha kutafuna. Hivi ninavyoandika yuko pajani na kidole changu kimoja kiko mdomoni mwake. Ukiona mwandiko unaruka, ujue ni yeye.

Mama yu mzima, ni magoti tu. Kaka yako naye hajambo. Kila asubuhi nina watu wawili wa kuwavalisha, na mmoja ana ndevu. Maneno hayo kayatunga mwenyewe, usinione mimi mkorofi.

Umeuliza maji yakoje siku hizi, kwa kuwa unataka kuleta wageni wako msimu ujao. Nakujibu kwa sababu ubao wa hali ya maji mlangoni kituoni bado naandika mimi, nikishamaliza kujaza mitungi na kusuuza miwani ya wazamiaji. Maji si mazuri. Wanapanua gati, na tope lote la mashine linashukia upande wetu. Ukinyoosha mkono unaona kiwiko, vidole unavikisia. Chini kuna baridi kuliko ulivyozoea. Konyeza wamejaa, wale wa nyuzi ndefu wanaowasha, na Pweza, ambaye sasa ndiye mkuu wa wazamiaji, ana alama shingoni kama mtu aliyechapwa mjeledi. Ukutani, pale sakafu ya bahari inapokatika ghafla, mkondo unageuka bila kuaga. Wageni wako wapeleke kwingine.

Nimesema wageni. Wewe sijakutaja.

Sasa tuje kwenye daftari lako la mbizi. Lilifika salama, Pweza ndiye aliyelileta, na ombi lako nimelielewa. Mkufunzi wako huko yuko tayari kukupa kazi ya kuongoza watu chini, ila anataka aone mbizi moja ya kina kirefu iliyotiwa sahihi na mwenzi uliyeshuka naye. Wewe unayo moja, ile ya Ukutani, na pale pa sahihi ya kaka yako ni peupe. Bila sahihi hiyo, kazi hakuna. Umeniandikia, "Ni sahihi tu, shemeji." Hiyo "tu" nimepika nayo, nimefua nayo, nimelala nayo.

Siku ile unaijua kuliko mimi. Lakini hujawahi kuisikia kutoka upande wa jikoni, kwa hiyo nivumilie.

Mlikuwa na desturi yenu. Kila asubuhi, kabla ya wageni kufika, ninyi ndugu wawili mnashuka kupima maji, na kila mmoja anasaini daftari la mwenzake chini ya ule muhuri wa kituo: Tumeshuka pamoja, tumepanda pamoja. Wengine wote husaini wakishatoka majini. Ninyi mlisaini kabla, hapa mezani kwangu, mkinywa chai, ati karatasi isilowe. Nilikuwa nawaambia, "Mnasaini kufika na hata viatu hamjavaa?" Nawe unanijibu, "Tukizama utatusainia wewe, shemeji." Tunacheka wote watatu.

Siku ile wewe uliwahi kusaini la kwake. Yeye hakusaini la kwako, maana kalamu nilikuwa nimeichukua niandike kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Peupe pako pametokana na hapo, hapakuwa na hila yoyote.

Mlipofika Ukutani mkondo ukageuka. Ukaogopa, ukashikilia mwamba, ukarudi mwamba kwa mwamba mpaka kwenye ngazi za gati, bila kumpa mwenzako ishara. Kwa kuogopa sikulaumu, mimi naogopa hata maji ya beseni. Kanuni inasema ukimpoteza mwenzako, mtafute kidogo, kisha panda polepole. Kaka yako ndiye aliyekuwa akiwakaripia wengine kwa kanuni hiyo. Lakini safari hii aliyepotea alikuwa mdogo wake. Alikutafuta mpaka hewa ikamwishia, kisha akapanda mbio kama kizibo. Alipofika kwenye ngazi alikukuta umekaa, unakula mkate.

Hakukugombeza. Nilikuwa dirishani na mtoto mgongoni, nikamwona anakukumbatia na mapezi yake bado miguuni.

Baadaye miguu ikaanza kufa ganzi. Mwenye kituo akaletewa daftari la kaka yako, akasoma, akaniambia, "Mbona mdogo wake amesaini kwamba walipanda pamoja?"

"Alisaini asubuhi," nikamwambia.

"Mama, kitabu kina tarehe, hakina asubuhi." Akakugeukia wewe. "Haya, mlipanda pamoja?"

Ukaitazama miguu yako, hiyo inayotembea. Ukasema, "Kama kilivyoandikwa."

Basi, kwa kuwa wewe uliyeandikwa umepanda naye ulikuwa mzima, ikawa ni uchovu. Apumzike, anywe maji. Kesho yake ndipo tukapata gari la kumpeleka kwenye chumba cha chuma cha hospitali, kile wanachofungiwa waliopanda haraka, mpaka hewa iliyonasa mwilini iwatoke. Daktari akatuambia tumemletea mtu na miguu tumeiacha nyumbani. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na mimi watu waliochoka nawajua.

Wewe kabla ya mwezi kuandama ukapata safari. Nilikufungia mkate wa njiani mwenyewe, kwa mikono hii.

Huku kituoni kaka yako wamembatiza Nanga, kwa kuwa alikwenda chini akabaki. Wanamwita hivyo akiwasikia. Pweza anachungulia mlangoni na valvu mbovu ya mtungi, kwa sababu kaka yako ndiye anayewatengenezea hapa mezani, anasema, "Nanga, kuna kazi yako, usiinuke." Kisha wanacheka na wanampenda, vyote kwa pamoja, mimi sijui wanavyoweza. Neno la tatu alilojifunza mwanao, baada ya mama na maji, ni Nanga. Analiita akimwona baba yake. Kaka yako alicheka mpaka akakwama pumzi. Akasema afadhali yeye, maana mdogo wake huku wanamwita Boya, wa kwanza kuelea. Kwa hiyo nalo ulijue, likija kukufikia lisikushtue.

Barua yako aliisoma Mama kwanza, kisha akampa kaka yako daftari na kalamu, akakaa mbele yake kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Msainie mdogo wako," akamwambia. "Mmoja ameshavunjika. Mnataka nivunjikiwe na wote wawili?"

Kaka yako akalivuta daftari. Alifungua ukurasa, akausoma kwa sauti, ulivyoujaza mwenyewe. Kina. Baridi. Kuona kuzuri. Mkondo wa kawaida. Tatizo, hakuna. Aliposoma hapo aliniangalia, akarudia, "Tatizo, hakuna." Nilidhani atalirusha. Badala yake akaomba rula.

Nikampa ile ninayopimia vitambaa. Akaiweka chini ya muhuri, akakata neno moja kwa mstari ulionyooka. Kisha akasaini jina lake lote, kwa mwandiko ule wa shule unaoujua, wala hakuongeza chochote. Sasa panasomeka: Tumeshuka pamoja, tumepanda. Lile "pamoja" la pili limekatwa, ila bado linaonekana.

Mama akalia. "Hata neno zuri moja usimwachie?"

"Nimemwachia, Mama," akasema. "Kushuka tulishuka pamoja."

Tangu hapo Mama ananifuata jikoni. Anataka nikuandikie kwamba daftari limepotea, ujaribu na lingine. Mara anataka niukate ukurasa kwa wembe. Nimemwambia nampenda kama aliyenizaa, na wembe sichukui. Daftari lako limo humu, ukurasa umo, sahihi imo. Ukimpelekea mkufunzi wako atauliza mstari ule ni wa nini, na usipompelekea atauliza ukurasa uko wapi. Kazi hiyo naiona inakuponyoka, na sifurahi, ingawa nilidhani ningefurahi.

Lakini nisikilize, mdogo wa mume wangu. Hao wageni unaotaka kuwaongoza nao wana mtu dirishani na mtoto mgongoni. Ukiogopa tena ukiwa mbele yao, nani atabaki chini akiwatafuta? Mwambie mkufunzi yote, kwa mdomo wako. Akikurudisha kwenye maji ya magotini na wanaoanza, nenda. Kama akikufukuza, utaosha vyombo. Kuosha vyombo hakujaua mguu wa mtu.

Usiniandikie tena kumwomba kaka yako kitu. Mwandikie yeye. Miguu ndiyo iliyokufa, macho yanasoma. Na ukija kumwona, njoo. Ngazi zetu ni mbovu, kitanda ni kile kile, na mlango nitaufungua mimi, kwa kuwa yeye hawezi.

Mama anakusalimu na anasema ule. Shangazi yenu wa sokoni anakusalimu, na mama wa jirani, yule wa cherehani, anauliza kama umeoa. Mwanao anakusalimu kwa mate, ndilo hilo doa. Kaka yako nilimuuliza kama ana salamu, akasema zimo ndani ya daftari.

Mungu akulinde ukiwa juu na ukiwa chini, na kama kuna siku ya kukulinda kwa kukuzuia, akuzuie.

Ni mimi nikupendaye, ingawa si kila siku,
shemeji yako, mama wa mwanao.

Nimesahau. Kalamu utakayoikuta ndani ya bahasha ni ile ya siku ile, niliyoichukua kwa ajili ya kadi ya mtoto. Wino bado upo. Kaka yako amesema nikutumie, na nikwambie usaini ukishapanda.