Kwa Baba Neema, Aliyecheza Gofu Hadi Mkono Ulipokataa

Mpendwa Baba Neema,

Wiki iliyopita ulitimia mwaka tangu ututoke. Asubuhi tulikwenda kwenye hekalu la Kihindu la Neasden, hapa London, mimi, Neema na dada yangu, kisha watu wakaja nyumbani kula. Walikuja rafiki zako wa Ilford wanaokumbuka ulivyotwaa kombe kule kwenu India. Walikuja pia watu wa kiwanja cha mazoezi hapa Croydon, waliokujua kama mwalimu tu, yule mpole anayewapanga vidole kwenye fimbo. Kila kundi halikujua walichojua wenzao. Mama mmoja Mwingereza uliyemfundisha miaka minne alishangaa kusikia kwamba uliwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Nikaona niandike barua hii wazi, kila mtu apate kipande alichokosa. Na lipo jambo langu mwenyewe, nitalifikia.

Nianzie Arusha. Nilikuwa mapokezi kwenye klabu ya gofu, na wakati wa mashindano nilipewa kazi ya kuandika alama za wachezaji kwenye ubao wa nje. Mlikuja Wahindi sita. Wewe ulicheza vibaya siku mbili za mwanzo, ukaondolewa, jina lako likabaki karibu na chini kabisa. Ulikuja ukasimama nyuma yangu, ukaniomba kalamu kwa adabu, ukasahihisha herufi mbili nilizokosea. Ulisema kama jina linashuka, basi angalau lishuke likiwa limeandikwa sawasawa. Tiketi yako ya ndege ilikuwa ya Jumatatu, kwa hiyo siku zilizobaki ulikuja kufanya mazoezi peke yako huku wenzako wakishindana, na mimi nikawa nakuletea chai. Watu wakiniuliza tulikutanaje, huwa wanatarajia hadithi kubwa zaidi. Sina.

Kwenye chai hizo ndipo uliponieleza ulikotoka. Baba yako alikuwa mpishi wa klabu ya gofu Nagpur, nanyi mliishi kwenye chumba nyuma ya jiko. Wanachama walitupa fimbo zilizovunjika, yeye akaziokota na kuziunga kwa waya na utepe, akakupa. Ulipiga mipira alfajiri, kabla wenye uwanja hawajaamka. Ulipofika miaka ishirini ukaanza kucheza kwa kulipwa, na miaka sita baadaye ukashinda mashindano yako ya kwanza na ya mwisho. Mzee alitundika picha yako na kombe juu ya jiko. Moshi ukawa unaitia weusi, naye kila wiki anaifuta.

Uliporudi kunichumbia, nyumbani kwetu Machame hawakunikatalia, ila walipata shida na chakula. Baba yangu aliuliza mwanaume asiyekula nyama atachinjiwa nini siku ya kumpokea. Ulikuwa umeshajifunza Kiswahili cha kutosha, ukamjibu, "Ndizi zinatosha, mzee." Alicheka mpaka akavua miwani. Hapo mambo yakaisha.

Tulipooana tulikaa Arusha miaka miwili. Ukawa unafundisha klabuni, unasafiri kwenye mashindano, unarudi. Kisha mimi nikapata kazi ya unesi London, na wewe ukapata nafasi kwenye mashindano madogo ya Ulaya, yale ambayo wachezaji hupitia wakitafuta kupanda kwa wakubwa. Tulianza na chumba kimoja Ilford. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia, ikabaki kidogo tu upande kwa wakubwa. Neema akazaliwa.

Mwaka wa tatu mkono ukakataa. Mipira ya mbali uliipiga kama kawaida, lakini ukibakiza hatua moja tu kulifikia shimo, pale ambapo hata mtoto angeusukuma mpira ukaingia, mkono wako wa kulia uliruka wenyewe. Ulibadilisha fimbo. Ulibadilisha namna ya kushika. Ulikwenda kwa madaktari watatu, na mchungaji wangu akakuombea ukiwa umekaa kiti cha mbele na viatu vyako vya gofu. Nafasi yako ikachukuliwa na mwingine. Tukahamia Croydon, ulikopata kazi ya kufundisha.

Jambo hilo hukumwambia baba yako. Kila Jumapili ulimpigia simu ukamsimulia mashindano ambayo hukucheza, miji ambayo hukufika. Akipiga siku nyingine ukiwa kazini, uliniomba nimwambie upo mazoezini, nami nilimwambia hivyo kwa Kihindi changu cha maneno ishirini. Nilisema mara moja, nikasema mara ya pili, mwishowe nikazoea. Miaka mitatu. Siku moja nilikuuliza unaogopa nini, ukasema tu kwamba ile picha bado ipo juu ya jiko.

Kisha mzee akapata viza ya kuja kumwona mjukuu wake, na akasema anataka kukuona ukicheza. Nakumbuka jikoni petu, wewe unaosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

"Mama Neema, ni wiki tatu tu," ulisema.

"Kwenye simu nilidanganya," nilikujibu. "Mtu aliyelala chini ya paa langu simdanganyi. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Hatukusemeshana siku mbili. Hukukataa na hukukubali. Ulitafuta mashindano ya siku moja ya walimu wa gofu nje kidogo ya mji, ukajiandikisha, ukasema baada ya hapo utamwambia. Mzee alivaa koti langu la kazini kwa sababu lake halikufaa kwa baridi ile. Alitembea nasi mashimo yote kumi na nane, mikono nyuma, kama mkaguzi. Ulipiga vizuri mno. Kwa muda nilianza kuamini mkono umepona. Shimo la saba uliweka mpira hatua moja kutoka shimoni, ukainama, mkono ukaruka, mpira ukapita pembeni. Shimo la tisa vilevile. La kumi na mbili vilevile. Mzee alikuwa anaangalia mkono, hauangalii mpira.

Tulipokaa kunywa chai ulianza kusema, naye akainua kiganja, akazungumza yeye kwa muda mrefu, polepole. Ulikuwa umezoea kunitafsiria kila sentensi. Safari hii hukutafsiri. Ulitazama kikombe. Ni mpaka tulipopanda tramu, mzee amesinzia kiti cha mbele na Neema mapajani, ndipo uliponiambia.

"Anajua. Miaka mitatu anajua. Wanachama wa klabu walimwonyesha matokeo kwenye simu zao, jina langu halimo. Anasema alinyamaza kwa sababu aliogopa nikijua kwamba anajua, nitaacha kupiga simu."

Ukafuta uso kwa kofia yako. Mimi nikaona haya pia, kwa sababu yale maneno yangu ishirini alikuwa akiyapokea kila mara na kunishukuru.

Siku zilizobaki alikufuata kazini. Alikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi akitazama unavyofundisha: wastaafu, wasichana wa shule, yule dereva wa basi aliyekuwa anakata nyasi zaidi kuliko kupiga mpira. Siku ya kuondoka alikuambia kwamba jikoni alifokewa maisha yake yote, na hakujua kwamba mtu anaweza kufundishwa kazi bila kufokewa. Ulinitafsiria hilo papo hapo, mbele yake, uwanja wa ndege.

Ninyi wa Ilford mtaniambia huo ulikuwa mwisho wa mchezaji. Mimi niliishi naye, na naona ndipo alipoanza kupata usingizi. Mkono haukupona. Wewe, Baba Neema, ukawa unawaonyesha wanafunzi wapya unavyoruka, wanacheka, na wewe unacheka, kisha mnaendelea na somo.

Sasa jambo langu.

Ulipoanza kuumwa tumbo na kupungua, ulijaza fomu hospitali ukaandika namba yangu, na kwamba niambiwe kila kitu, maana nesi wa nyumba ni mimi. Daktari alinipigia Ijumaa mchana akitaka twende wote Jumatatu. Nilimwomba asinizungushe. Akaniambia ugonjwa wako hauponi. Nilikuwa kwenye korido ya wodi yangu, nikaenda nikapima presha za wagonjwa wawili, nikazirudia kwa sababu sikukumbuka nilichosoma.

Ulipouliza nyumbani, nilisema majibu hayajatoka. Mimi niliyekupigia kelele jikoni kwa ajili ya ukweli.

Jumamosi ulifundisha asubuhi. Mchana ulimpeleka Neema mjini kununua viatu vya shule, akachagua vinavyombana na wewe ukamwacha avijaribu mara tatu agundue mwenyewe. Mkarudi mmelowa mvua. Ukapika wali na dengu, Neema akakusimulia habari za mwalimu wake, yeye kwa Kiingereza, wewe kwa Kiswahili, kama siku zote. Nilikaa mezani nikawaangalia na nikala sahani nzima. Jumapili nayo nikanyamaza.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kutoka, nilikwambia. Ulikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

Ulivaa soksi. Kisha ukasema, "Basi Jumamosi umenipa wewe." Ukanyoosha mkono nikuinue, tukaenda kuwahi tramu.

Sikukujibu siku ile, na baada ya hapo kulikuwa na dawa na zamu na wageni. Nimelibeba jambo hilo mwaka mzima nikijiuliza kama nilikuonea. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona kwamba hukuniuliza kwa nini. Ulishukuru kwa siku moja niliyokuachia bila habari ile. Kwa hiyo nami napokea shukrani yako, na kulia kwa ajili ya hilo nimeacha.

Lala salama, Baba Neema. Mtoto anaendelea vizuri, na mimi pia.

Mkeo,
Mama Neema