Kompyuta Haitoki Humu Ndani

"Kaburi la vijidudu hilo, jirani, litoe nje." Ndivyo Mama Shigela alivyonipazia sauti asubuhi juu ya ukuta, mnunua vyuma chakavu akiwa getini anasikiliza. Nikamwambia kaburi ni mdomo wake, haushibi habari za watu.

Baba Winnie, yule wa vyuma akirudi, kompyuta hamuijui.

Nimeifungua kwa kisu cha mkate. Kweli vijidudu vya ziwani vilijaa mpaka feni haizunguki. Nimevipuliza kwa pampu ya baiskeli, na kadi ya ramu, ile ya kumbukumbu, nimeisugua kwa kifutio cha Winnie. Zamani ilikuwa inalia mara tatu na kuzima. Leo imelia mara moja, kioo kikawaka, kikasema huu ni mwaka 2002, kikagoma hapo. Betri yake ndogo ya saa ndiyo imekufa. Nimefuata mpya kwa mafundi wa Mabatini. Msichomoe waya, msigongegonge.

Chekeni tu. Humo, kwenye video, yumo marehemu Baba Shigela akicheza kwenye komunyo ya Winnie, meno yote nje. Mkewe kabaki na picha ya kitambulisho, mume kanuna kama kanyimwa chakula. Sikumwambia. Isipowaka nitakuwa nimemfanya afiwe mara ya pili. Lakini itawaka.

Sato yuko kwenye sufuria, ugali songeni saa saba.

~~Mama Shigela akija, semeni nimesafiri.~~

Akija, mpeni kile kiti kinachotazama kompyuta. Mnawisheni mikono, ale, anisubiri.

Mama Winnie