Nilivyoosha Chombo cha Halima

Mama,

Huko Mumias najua mvua inawanyeshea. Hapa Garissa hata maji ya mfereji hutoka yakiwa moto. Nimekukumbuka sana wiki hii, na aliyenikumbusha ni Halima, tunayekaa naye chumba kimoja hosteli.

Halima anatoka Diff, kule mpakani. Alikuja na maziwa ya ngamia ndani ya chombo cha mbao. Maziwa yaliisha zamani, lakini chombo kilibaki kando ya kitanda chake, kikinuka moshi. Juzi akiwa darasani nikaona nimsaidie, nikakisugua kwa sabuni mpaka harufu yote ikaisha.

Aliporudi alikifungua, akanusa, akakaa kitandani. Kumbe mama yake hukifukiza kwa makaa kabla ya kutia maziwa, na yeye hukinusa kila akilemewa na upweke.

"Abaayo," akaniambia polepole, yaani dada kwa Kisomali, "sasa umemtoa mama humu ndani."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi nilimpeleka sokoni kwa akina mama wauza maziwa, mmoja akatufukizia chombo. Halima akanusa, akatabasamu kidogo. "Moshi mzuri. Lakini ni wa Garissa."

Mungu akutunze, Mama, wewe na jiko lako la kuni. Lile blanketi langu nililoacha nyumbani, tafadhali usilifue. Litundike tu pale jikoni.

Mwanao,
Nekesa